Kwa Aliyehamia Ikinga na Mbwa Wake: Mwongozo wa Vitafunwa vya Asili

Barua ya uhamisho imetoka, lori limepakiwa, na wewe unaelekea Ikinga, wilayani Ileje, mkoa wa Songwe. Godoro limo, mtungi wa gesi umo, runinga imeviringishwa blanketi. Kiti cha mbele, kati yako na dereva, ameketi mbwa mwenye mkanda shingoni. Miguuni kuna tenga, na ndani ya tenga kuna paka ambaye hajanyamaza tangu Makambako. Juu ya tenga umeweka mfuko wa kilo mbili uliochorwa mbwa anayecheka, wenye maandishi ya kijani yanayoapa kwamba kila kilichomo ni cha asili na kinawafaa wanyama wa rika lote.

Hongera. Mwongozo huu ni wako. Wenyeji wa Ikinga hawauhitaji: wengi hawajawahi kununua kitafunwa cha mbwa wala kuambiwa kwamba kipo. Aliye hatarini ni wewe, kwa sababu unampenda mnyama wako, una mshahara, na unaamini maandishi ya kwenye mifuko. Watu wa namna hiyo hufilisika taratibu, na mbwa wao hufa wakiwa wanene.

KWANZA, MSALIMIE MBWA WA JIRANI

Kabla hujafungua mfuko, mtazame mbwa wa nyumba ya pili. Jina lake ni Simba au Popi. Majina mengine bado hayajafika. Asubuhi anapewa ukoko wa ugali uliobanduliwa sufuriani kwa mwiko na kulowekwa kwa maji yaliyooshea sufuria hiyohiyo. Mchana anajitegemea: fuko wa shambani, panzi, yai la kuku aliyezubaa, na vitu vya nyuma ya nyumba ambavyo adabu hairuhusu kuviandika. Jioni, siku ikiwa njema, anatupiwa mfupa.

Huyo ndiye anayekula asili tupu. Hakuna rangi, hakuna dawa ya kuhifadhi, hakuna kiwanda. Kama asili peke yake ingekuwa afya, Popi angeishi miaka thelathini na kumzika mwenye nyumba. Lakini muulize mtoto wa hapo, atakuambia bila kufikiri kwamba huyu ni Popi wa tatu. Wa kwanza aligongwa na bodaboda, wa pili alikonda hadi akaisha, na hakuna aliyejua alikuwa na nini. Alikuwa na minyoo.

Ushahidi huo uliolala kivulini ukijikuna utakuokoa na mengi. Kitu kinaweza kutoka shambani, ziwani au tumboni mwa mbuzi moja kwa moja na bado kikamuua mbwa wako. Wauzaji wote utakaokutana nao kuanzia sasa watakujibu swali ambalo hukuuliza: kama kitu ni cha asili. Wewe waulize manne mengine. Ni kitu gani hasa? Kimetoka kwa nani? Kilihifadhiwa wapi? Na mnyama apewe kiasi gani?

PILI, UKIFIKA TUNDUMA MIKONO IKAE MFUKONI

Dereva atataka kupitia Tunduma kwanza, atasema ana mzigo wa mtu. Hutamshinda. Utajikuta kwenye mji wenye foleni ya malori ya kwenda Zambia na Kongo, stesheni ya TAZARA, wabadilisha kwacha, na Nakonde ng'ambo tu ya mpaka. Mji wa namna hiyo hauna kitu usichoweza kuuziwa. Utaonyeshwa ngozi ya ng'ombe iliyokunjwa fundo, vijiti vya kutafuna, na biskuti nyekundu zenye umbo la mfupa.

Tafakari biskuti hiyo. Mbwa hana shida na umbo la mfupa. Angekula hata yenye umbo la kiatu, na kiatu chenyewe. Wekundu nao unampita, maana macho yake hayatofautishi vizuri nyekundu na kijani. Umbo na rangi vimewekwa kwa ajili ya yule mwenye pochi.

Biashara hii ilianza hivyohivyo. Karibu mwaka 1860 Mmarekani mmoja, James Spratt, alikuwa Uingereza akiuza vyuma vya kukinga radi. Husimuliwa kwamba aliona mbwa wa bandarini wakigombea biskuti ngumu za mabaharia zilizotupwa, akapata wazo. Akatengeneza biskuti za mbwa za ngano, mboga na nyama, akawauzia mabwana wenye mbwa wa kuwinda, kwa bei ya kibwana. Kijana wake wa mauzo, Charles Cruft, ndiye aliyeanzisha mwaka 1891, jijini London, maonyesho ya mbwa yanayobeba jina lake mpaka leo. Kitafunwa cha kiwandani, basi, ni makombo ya baharia yaliyopandishwa cheo. Simama maegesho ya malori Tunduma saa saba mchana, uwaone mbwa wakimsubiri dereva amalize chipsi zake. Utafiti wa Spratt bado unaendelea, na kwao ni bure.

Kuhusu maandishi ya kijani: Marekani, ambako mifuko mingi huiga lugha yake, chama cha wasimamizi wa vyakula vya mifugo, AAFCO, kinakubali kiungo kiitwe cha asili kikiwa kimetoka kwa mmea, mnyama au ardhini, hata kama kimepikwa, kimekaushwa, kimesagwa au kimechachushwa kiwandani, mradi hakikuundwa kwa kemikali. Damu iliyokaushwa ikawa unga inapita bila tatizo. Hakuna aliyedanganya. Wewe ndiye uliyechora akilini kuku anayedonoa majani asubuhi.

Na mfuko unaweza kuwa mzuri leo, kesho ukawa balaa. Mwaka 2007, Amerika ya Kaskazini, makopo na pakiti zaidi ya milioni 60 za chakula cha mbwa na paka ziliondolewa madukani baada ya kugundulika kwamba unga wa ngano uliotoka China ulikuwa umetiwa melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki, ili upimwapo uonekane una protini nyingi. Figo za wanyama zilifeli. Kuanzia mwaka huohuo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilipokea malalamiko kuhusu vipande vya nyama iliyokaushwa, vingi kutoka China. Kufikia 2014 vifo vya mbwa vilivyoripotiwa vilipita 1,000, na sababu kamili haikupatikana. Vingi vya vipande hivyo vilikuwa vya nyama ya kuku. Mwaka 2018 FDA hiyohiyo ikaanza kuchunguza vyakula vinavyojisifu kuwa havina nafaka, baada ya mbwa waliovila kuripotiwa kuwa na moyo uliotanuka. Mjadala wake bado haujafungwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na vilivyotembea mpaka Tunduma vimetembea mbali sana.

Kama mikono imekataa kukaa mfukoni, fanya haya. Soma kiungo cha kwanza kwenye orodha, kwa kuwa kwa kawaida viungo hupangwa kwa uzito. Tafuta tarehe ya mwisho ya matumizi. Kataa kupimiwa kwa kopo kutoka gunia lililo wazi: gunia hilo halina tarehe, mafuta yake yameshachacha, na panya wa dukani wameshalionja kabla ya mbwa wako.

TATU, BUCHANI USITAJE MBWA

Hili ni kosa la siku ya kwanza. Umepanga foleni, zamu yako imefika, unasema kwa sauti ya kwenye mikutano: "Nipe kilo ya steki, ya mbwa." Foleni inanyamaza. Nyuma yako kuna mama anayesubiri robo kilo ya mchanganyiko, ya watu sita.

Upande wa pili wa kosa hilo hauonekani haraka. Ukimya ukipita, mzee aliye mbele ya mizani atasema, "Nami nifungie mapupu kidogo, ya mbwa." Muuza nyama atafunga, atapokea pesa, hatauliza mbwa gani. Mapupu yale yataliwa mezani kwa ugali na kachumbari, na kila mtu kwenye foleni anajua. Kwa hiyo usije ukafika alfajiri na kununua mapupu, bandama na utumbo wote kwa sababu umesoma kwamba viungo vya ndani ni vitafunwa bora vya asili. Ni kweli ni bora. Ndiyo maana vina wateja.

Ukipata vyako kidogo, vipike. Hapa asili inauma. Ndani ya maini na mapafu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe hukutwa mara nyingine mifuko ya maji meupe. Mchinjaji asiyejali huikata na kumrushia mbwa pale pembeni, na mbwa hushukuru. Ndani ya mifuko hiyo kuna vichwa vya tegu. Tumboni mwa mbwa hukua kuwa tegu wa milimita chache tu, tena kwa maelfu, ambao wala hawamsumbui mbwa. Mayai hutoka na kinyesi, hunata kwenye manyoya, mtoto humkumbatia mbwa kisha hula ndizi bila kunawa. Miaka ikipita, mfuko uleule wa maji hukua kwenye ini la mtoto. Turkana, kaskazini mwa Kenya, ilijulikana duniani kwa wingi wa wagonjwa wa aina hiyo, mpaka shirika la afya la AMREF likaanzisha kampeni ya kuudhibiti ugonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1980. Dawa ya kuzuia yote hayo ni sufuria, moto, na vidonge vya minyoo kutoka kwa bwana mifugo.

Mifupa nayo ina kanuni zake. Mfupa wa kuku uliopikwa hupasuka vichane vyenye ncha, na vichane hivyo hutoboa utumbo. Kwato na pembe, ambazo utapewa bure ukiomba, huvunja meno. Bonyeza kwa ukucha wa dole gumba: kama ukucha hauachi alama, kitu hicho ni kigumu mno kwa jino la mbwa. Ukitaka atafune, mpe karoti nzima. Atakutazama kama umemtukana, kisha ataitafuna.

NNE, MHESHIMU MUUZA USIPA

Mpaka sasa mwongozo umekutisha. Sasa pumua. Kitafunwa bora kwa mbwa na paka wa Ileje kipo sokoni, kimemwagwa juu ya turubai, kinapimwa kwa kisado, na hakina picha ya mnyama anayecheka. Ni usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa wanaopanda huku kutoka Kyela. Ukiwa Tunduma utawapata pia ndugu zao wa Ziwa Tanganyika, ambao upande wa Zambia wanaitwa kapenta. Samaki mzima, na mifupa yake laini, macho yake na tumbo lake: protini, kalsiamu na mafuta mema katika kitu kisichozidi kidole.

Mama anayeuza atakuuliza, "Wa kupika au wa kuku?" Usijibu kwamba ni wa paka wa uhamisho. Omba wa kupika. Wale wa kuku ni vumbi, vichwa na mchanga, wameachiwa kiwanda cha chakula cha kuku. Na hata wale wa kupika, ukiwasugua kidogo kiganjani utasikia mchanga, kwa kuwa wengi hukaushwa chini. Waloweke maji ya uvuguvugu, wasugue, mwaga, rudia mpaka maji yawe safi; hapo chumvi nayo inapungua. Wachemshe dakika chache, wakaushe juani kwenye ungo uliofunikwa chandarua, uwaweke kwenye kopo lenye mfuniko. Usiruke kuchemsha: samaki wabichi wa aina nyingi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini B1, na paka anayeishi kwa samaki wabichi huanza kuyumba.

Hapa paka anastahili aya zake, maana mhamiaji huwa anamwona kama mbwa mdogo asiyetii. Paka ni mla nyama kwa sheria ya mwili wake. Mwaka 2005 watafiti wa kituo cha Monell, Philadelphia, walionyesha kwamba jeni linalowezesha ulimi kuhisi utamu limeharibika kwa paka wa nyumbani na hata kwa duma. Biskuti yako yenye asali ya asili, kwake ni kipande cha ukuta.

Kubwa zaidi ni taurini. Mwili wa paka hautengenezi ya kutosha, lazima aipate kwenye nyama na samaki, hasa moyo na nyama nyeusi. Akiikosa, macho hupofuka taratibu na moyo hulegea. Jambo la moyo lilithibitishwa mwaka 1987 na watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, waliowaona paka wakipona baada ya kuongezewa taurini, ilhali walikuwa wakilishwa vyakula vya viwandani vilivyosifiwa kuwa kamili. Kwa hiyo paka anayeishi kwa ugali na kipande cha dagaa kila Jumapili hayuko kwenye lishe ya asili. Yuko kwenye adhabu. Na ukichemsha nyama, mpe na mchuzi wake, kwa sababu taurini huyeyukia humo.

Maziwa? Picha ya paka na sahani ya maziwa ni nzuri ukutani. Paka wengi wakubwa hawawezi kuyeyusha sukari ya maziwa, na matokeo utayafagia asubuhi.

TANO, GHALANI HAKUNA CHA BURE

Songwe ni mkoa wa mahindi, na mhamiaji hujifunza mapema kwamba mahindi yakiharibika hayatupwi. Yanachambuliwa: mazuri ya watu, yaliyobadilika rangi ya mbwa. Jirani atakuletea debe la pumba za mahindi hayo kwa moyo mweupe kabisa, akuambie uchanganye na maji ya usipa.

Pokea, shukuru, kisha chimba shimo. Kuvu la kijani kwenye mahindi na karanga hutoa sumukuvu, sumu isiyo na harufu wala ladha, ambayo moto wa kupikia hauiondoi. Mwaka 2004, mashariki mwa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi ya namna hiyo na 125 wakafa. Mwaka 2016 ikapiga kwetu, Dodoma na Manyara. Ini la mbwa lina uvumilivu mdogo kwa sumu hii: mwishoni mwa 2005 huko Marekani makumi ya mbwa walikufa kwa chakula cha dukani kilichotengenezwa kwa mahindi yenye sumukuvu. Sumu iliyomvizia mbwa wa mshahara mkubwa kule ndiyo hii inayomvizia Popi hapa, ila kule ilikuja na mfuko uliochapishwa vizuri. Debe usilomlisha mtoto usimlishe mbwa. Wala kuku, maana mayai utayala wewe.

Ghala lina mgeni mwingine: panya. Kwa paka, panya mzima ndiye kitafunwa kilichokamilika, ana taurini yake na kila kitu. Lakini uliza kwanza jirani ametega nini. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na panya huchukua siku kadhaa kabla ya kufa. Katika siku hizo anayumba, anatembea mchana, anakamatika kirahisi. Paka wako atajiona hodari kuliko alivyo, na siku chache baadaye atatokwa damu puani. Kama mtaa umetegwa, mfungie ndani na umpe usipa mpaka zoezi liishe.

SITA, SHAMBA NA JIKO

Utakuta parachichi kila mahali, na mbwa atakuta kabla yako. Nyama yake kidogo haina neno kwa mbwa mwenye tumbo zuri, ingawa mafuta yake humharisha. Tatizo ni kokwa: mbwa humeza bila kuuliza, na kokwa hukwama kwenye utumbo.

Kahawa ya Mbozi na Ileje, inayoanikwa kwenye vichanja, ni fahari ya mkoa na sumu kwa mbwa. Kafeini yake ni jamaa ya theobromini iliyomo kwenye chokoleti, na mwili wa mbwa huzitoa hizo taratibu mno. Moyo hukimbia, misuli hutetemeka. Vitunguu, maji na saumu, huvunja chembe nyekundu za damu, za paka kuliko hata za mbwa, viwe vibichi au ndani ya rosti uliyobakiza. Zabibu huangusha figo. Makadamia, wanayoipanda siku hizi nyanda za juu, hulegeza miguu ya nyuma ya mbwa. Orodha yote hiyo ni mimea isiyoguswa na kiwanda. Ya kiwandani hapa ni moja: bigijii isiyo na sukari iliyowekwa zailitoli, ambayo hushusha sukari ya damu ya mbwa ndani ya saa moja. Usiache mkoba wako chini.

Vya kumpa mbwa vipo vingi, tena havina mvuto wa kutangazwa. Kiazi kitamu kilichochemshwa, boga, karoti, kipande cha ndizi, yai lililochemshwa, ini lililopikwa na kukatwa vipande vidogo. Ini lenyewe lisizidi mara moja au mbili kwa wiki, kwa sababu vitamini A ikizidi hudhuru mifupa, na paka ndiye hudhurika zaidi.

SABA, WASHAURI

Kufikia mwezi wa pili utakuwa na washauri. Wa kwanza atasema mbwa wako ni mpole mno, umpe pilipili, au umtafutie nyigu wakavu umchanganyie kwenye ugali, awe mkali. Mbwa mwenye tumbo linalowaka kweli huwa mkali, na wa kwanza kuumwa ni mwenye kumpa. Wa pili atakuletea kitunguu saumu cha kutoa minyoo. Hakitoi minyoo, kinatoa damu. Wa tatu, mtu mwema kuliko wote, atampa mbwa machicha ya komoni jioni, na mbwa atarudi nyumbani kwa njia ndefu. Pombe kwa mbwa ni sumu hata ikiwa ya mtama wa shamba lako.

Usiwabishie. Wakubalie kwa kichwa, mshukuru mzee kwa heshima zote, mpe kiti, mpe chai. Kisha nenda kwa bwana mifugo wa kata. Yeye pia ana maneno mengi, lakini kati ya maneno yake kuna kipimo cha dawa kwa uzito wa mnyama, na hicho ndicho kilichokupeleka.

NANE, KIPIMO

Kosa la mwisho hufanywa na aliyefuata mwongozo wote mpaka hapa. Amepata usipa safi, ini lililopikwa, karoti, na sasa anampa mbwa kutwa nzima kwa sababu ni vya asili. Kanuni ya madaktari wa mifugo ni kwamba vitafunwa visizidi asilimia 10 ya nguvu anayokula mnyama kwa siku. Mbwa wa kilo kumi hahitaji kitu kikubwa kufika hapo. Vipande vya ukubwa wa ukucha vinatosha.

Ukidhani kidogo hakitoshi, sikiliza habari za Morogoro. Pale, kwenye Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, shirika la APOPO hufundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na vimelea vya kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, aliyezaliwa na kufundishwa hapohapo, alipelekwa Kambodia, akagundua mabomu ya ardhini 71 na mabaki mengine kadhaa ya silaha za milipuko. Mwaka 2020 shirika la wanyama la Uingereza, PDSA, lilimpa nishani yake ya dhahabu, panya wa kwanza kuipata. Akastaafu 2021, akafa uzeeni Januari 2022. Panya hao hulipwa kipande cha ndizi au karanga kila wanapofanya kazi sahihi, wala hawajagoma. Mbwa wako, kwa kukaa tu mlangoni akiomba, hawezi kudai zaidi ya hapo. Mwite, akija mpe. Mwambie akae, akikaa mpe. Akilia mezani, mnyime.

Yafuatayo unaweza kuyabandika ukutani jikoni:

1. Kama hujui kimetoka kwa nani, hakijafika kwako.

2. Nyama na viungo vya ndani hupikwa. Mifupa iliyopikwa hutupwa mahali mbwa hafiki.

3. Usipa waoshwe mpaka maji yawe safi, wachemshwe, wakaushwe.

4. Paka apate nyama au samaki kila siku. Ugali ni wa kujazia.

5. Kilichoota kuvu hakina mlaji.

6. Dawa ya minyoo kwa ratiba ya bwana mifugo, na maji safi kwenye bakuli saa zote. Maji hayauzwi kwenye mfuko wenye picha, kwa hiyo wengi huyasahau.

7. Mfuko wa kilo mbili uliokuja nao ukiisha, usinunue mwingine. Pesa hiyo ilipie chanjo ya kichaa cha mbwa, ambayo mbwa huchanjwa kuanzia umri wa miezi mitatu na kurudiwa kama utakavyoelekezwa. Karibu wagonjwa wote wa kichaa cha mbwa duniani waliambukizwa na mbwa, na dalili zikishaanza ni nadra mno mtu kupona. Ugonjwa hudhibitiwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo wakichanjwa, kwa hiyo mbwa wako mmoja hatoshi. Siku ya chanjo ikitangazwa, ambayo mara nyingi huwa karibu na tarehe 28 Septemba, siku ya kichaa cha mbwa duniani, jaza usipa mfukoni, pita nyumba ya pili, umchukue na Popi. Mtoto wa hapo atakusaidia kumshika. Na mtoto huyo akiumwa na mbwa yeyote njiani, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, kisha mpeleke hospitali siku hiyohiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba mbwa wake hula vya asili tu.